Marashi ya maua yenye joto kwa kila siku Dar: anza na msingi, ua lifuate

Swali: Mimi na mume wangu tunataka chupa moja ya marashi ya nishi (yale ya nyumba zinazoshughulika na manukato tu) tutakayotumia wote wawili, yenye harufu ya maua lakini yenye joto, siyo ile baridi ya sabuni. Nakaa Kimara, kazi yangu ipo Posta, kwenda na kurudi ni kwa basi la mwendokasi. Niliyowahi kununua ama yanageuka sukari tupu jua likipanda, ama yanapotea kabla ya saa sita mchana. Bajeti ni laki saba. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, shida zako mbili zina chanzo kimoja. Marashi hayatoi harufu yake yote kwa mkupuo. Kwanza hutoka vitu vyepesi kama limau, bergamoti na iliki, na hivyo huruka ndani ya dakika 15 hadi 30. Maua hufuata na kushika kwa saa mbili tatu. Chini kabisa, yaani kwenye msingi, kuna vitu vizito visivyo na haraka ya kuruka: mbao, utomvu, miski, vanila. Dukani unauziwa vile vyepesi, kwa sababu wateja wengi hunusa, hutabasamu na kulipa kabla robo saa haijaisha. Utakavyoshinda navyo kutwa nzima ni vile vizito.

Dar nayo inaharakisha mambo. Kipindi cha kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mchana hufika nyuzi 31 hadi 33 na hewa imejaa unyevu. Ngozi ikipata joto, vyepesi huondoka upesi kuliko mtengenezaji alivyopanga, na vizito huanza kutoka kwa wingi mapema. Marashi yenye msingi wa sukari yatakuwa sukari tupu ifikapo saa nne asubuhi. Yasiyo na msingi wa maana yatakuwa yamekwisha saa sita. Mara zote mbili lawama hupewa ua, wakati kosa liko chini yake. Kwa hiyo chagua msingi kwanza, halafu utafute ua la kukaa juu yake.

Harufu zinazoitwa za joto ziko za aina mbili. Kuna joto tamu: vanila, karameli, tonka, na ile kemikali ya ethaili maltoli inayonuka kama sukari iliyoungua. Kuna na joto kavu: sandali, mwerezi, mizizi ya nyasi ya vetiva, ubani, zafarani, ambari, miski. Kwa mtu anayesimama kwenye basi lililojaa saa moja asubuhi, joto tamu ni kamari. Vanila ni nzito kiasi kwamba ukiipulizia kwenye karatasi utaikuta siku kadhaa baadaye, na ethaili maltoli hata ikiwa kidogo inatawala kila kitu. Utamu wa chembe tu hauna neno, ilimradi usiwe ndio sakafu. Ukisoma maelezo ya marashi ukakuta vanila, tonka na karameli zote tatu kwenye msingi, yaweke kando uyatumie Julai, jioni, ukiwa umealikwa mahali.

Twende kwenye maua, maana hapo ndipo wengi wanapotea.

Asumini na maua meupe mengine yana kemikali iitwayo indoli. Kwa kiasi kidogo ndiyo inayoipa asumini uhai. Ikizidi, au ikipata joto sehemu iliyofungwa, inaelekea kwenye harufu ya vidonge vya naftalini na ya mwili usiooga. Anayetengeneza kikuba anaijua dawa yake bila kutaja jina la kemikali yoyote: asumini haifungwi peke yake, inaambatana na rehani, kitu cha kijani chenye ukali kidogo kinachoufungua uzito wake. Tafuta mpangilio huohuo ndani ya chupa. Ua jeupe likiwa na kitu cha kijani au chenye uchungu kando yake, kama majani ya mchungwa, chai au vetiva, linavumilika kwenye joto. Likiwa na krimu, nazi na vanila, halivumiliki.

Langilangi unaifahamu hata kama hujawahi kuinunua kwenye chupa. Comoro ndiyo mzalishaji mkubwa wa mafuta yake duniani. Ni ua lenye joto kwa asili: lina krimu, lina ndizi mbivu kwa mbali, na ukali kidogo unaofanana na karafuu. Uzuri wake kwenu ni kwamba linafanya kazi ya ua na ya viungo kwa wakati mmoja. Ubaya wake ni kwamba likitawala, watu wengine huumwa kichwa. Lipende likiwa la pili au la tatu kwenye orodha, si la kwanza.

Maua ya mchungwa ni chaguo jepesi zaidi. Yakikamuliwa kwa mvuke yanatoa neroli, ambayo ni safi na ya kijani kidogo. Yakitolewa kwa kiyeyushi yanatoa kitu kizito chenye asali. Kwa ofisi chagua ya kwanza. Waridi ndilo salama kuliko yote kwa watu wawili wanaogawana chupa, hasa likiwa na mbao au viungo badala ya matunda. Waridi lenye strobei au laichi ni kwa mabinti wa sekondari. Samahani kwa wanaolipenda.

Sasa kuhusu mume wako, asiogope neno maua. Mwaka 1966 kampuni ya Dior ilitoa Eau Sauvage, marashi ya kiume kabisa, na kilichoyafanya yawe tofauti ni hedioni, kemikali yenye harufu ya asumini nyepesi yenye hewa. Tangu hapo hedioni imo kwenye marashi mengi sana ya wanaume na wala hawajui. Na huku pwani mwanamume kujipaka waridi na udi kabla ya kwenda msikitini ni jambo la kawaida toka zamani. Mgawanyo wa kike na kiume uko zaidi kwenye rafu za duka. Kinachoyafanya marashi yamkubali yeyote ni msingi mkavu, na huo tayari tumeuchagua.

Kabla sijataja majina, tahadhari moja. Kampuni za nishi zilianza kama nyumba zinazoshughulika na manukato tu, kwa kiasi kidogo, lakini kubwa kati yake zimeshanunuliwa na makampuni makubwa ya urembo na anasa. Estée Lauder ilichukua Le Labo na Frédéric Malle mwaka 2014, LVMH ikachukua hisa nyingi za Maison Francis Kurkdjian mwaka 2017, na Puig ikaichukua Byredo mwaka 2022. Usilipe kwa ajili ya neno nishi. Lipa kwa ajili ya kilichomo ndani ya chupa.

Kwa maelezo yako ningeweka matatu mezani.

La kwanza ni Bal d'Afrique ya Byredo, ya mwaka 2009. Mwanzoni kuna ndimu na neroli, katikati urujuani na asumini, chini vetiva, mwerezi na miski. Ni ya maua, ina joto, ina utamu wa kiasi, na vetiva ndiyo inayoizuia isigeuke peremende. Kati ya hizi tatu ndiyo ningeianza kuijaribu kwa mtu wa mwendokasi. Udhaifu wake ni kwamba si kali. Kwa ngozi kavu saa tano au sita zinatosha kuimaliza.

La pili ni Rose 31 ya Le Labo, ya mwaka 2006. Waridi limefunikwa na mwerezi, vetiva, miski na bizari nyembamba. Ni kavu, inakaa, na mwanamume hataona aibu nayo hata kidogo. Lakini hiyo bizari nyembamba ina mtego: kwenye ngozi ya baadhi ya watu, ikichanganyika na jasho, inanuka kama kwapa. Kwa wengine haitokei kabisa. Hili haliwezi kujulikana kwa karatasi, ni lazima ijaribiwe mwilini, mchana, ukitoka jasho.

La tatu ni Fleur de Peau ya Diptyque, ya mwaka 2018: miski, mzizi wa ayirisi na mbegu za ambreti. Si ua la bustanini, ni laini kama unga, iko karibu na ngozi, na kwa ofisi yenye kiyoyozi haimsumbui jirani. Shida ya miski ni kwamba pua za watu wengi hazizipati baadhi yake. Unaweza kujiona hunuki kitu huku mwenzako wa dawati la pili anakupata vizuri kabisa.

Umeona sijataja Baccarat Rouge 540 ya Maison Francis Kurkdjian, ambayo kila duka litakuonyesha. Ni ya mwaka 2015, ina asumini, zafarani na mwerezi, kwa hiyo kwa maelezo inafanana na unachotaka. Lakini ina ethaili maltoli ya kutosha, inasambaa mno, na nakala zake zimejaa mjini kiasi kwamba utaingia ofisini unanuka kama watu wanne waliokutangulia. Portrait of a Lady ya Frédéric Malle, waridi na pachuli na ubani, ni kazi kubwa sana ya sanaa, ila ni ya usiku. Tuberozi, ua jeupe zito, kama ile ya Carnal Flower, iache kwa Jumamosi.

Namna ya kujaribu. Siku ya kwanza tumia karatasi, zisizidi nne, kila moja iandikwe jina. Ukizidisha, pua inachoka na utachagua ile yenye kelele kuliko zote. Usiamue kwa kunusa mara moja: nusa papo hapo, baada ya dakika 20, baada ya saa mbili, kisha asubuhi yake. Harufu ya asubuhi ndiyo msingi mtupu. Kama huipendi, marashi hayo hayakufai, hata kama mwanzo wake ni wa peponi.

Zilizobaki mbili zijaribuni mwilini, kila moja mkono wake, upande wa ndani karibu na kiwiko. Usisugue, kusugua kunaongeza joto na vile vyepesi vinaondoka mapema, halafu huoni picha halisi. Kisha usikae kwenye kiyoyozi cha duka. Toka nje, tembea juani robo saa, panda basi, rudi nyumbani. Mume afanye vivyo hivyo siku hiyohiyo, maana ngozi yenye mafuta hushikilia harufu na kavu huimeza. Marashi yanayokaa saa nane kwake yanaweza kukaa saa nne kwako. Kama mnapika vyakula vya viungo vikali, epukeni kujaribu jiko likiwa moto.

Ikibaki moja, usinunue chupa kubwa bado. Nunua kichupa cha kumiminiwa cha mililita 5. Pampu ya kawaida hutoa takriban mililita 0.1 kwa mpulizo, kwa hiyo hiyo ni mipulizo 50. Mkipuliza miwili kila mtu, inawatosha zaidi ya wiki mbili za kazi, na hapo mtajua kama mmeipenda au mmezoea tu. Aliyekuuzia akumiminie mbele yako kutoka chupa yenyewe, ndani ya kioo na si plastiki.

Hesabu hiyohiyo ikusaidie kwenye bajeti. Marekani, mililita 50 za Byredo au Le Labo zinazidi dola 200, kwa hiyo laki saba inafika lakini inafika kwa shida ukiweka na usafiri. Mililita 50 ni mipulizo kama 500. Watu wawili, mipulizo miwili kila mmoja, siku tano za wiki, zinakwenda karibu miezi sita. Mkipuliza mitatu mitatu kila siku bila kuacha wikiendi, hazifiki miezi mitatu. Kaeni chini mlikubali hilo kabla ya kutoa pesa, kwani chupa ya watu wawili inaisha mara mbili haraka na ugomvi huanzia hapo.

Ukikuta chupa ya nishi inauzwa elfu sitini Kariakoo kwa jina la orijino, si orijino, hata kama boksi linang'aa. Angalia namba ya toleo iliyochapwa chini ya chupa kama inalingana na ya kwenye boksi, angalia kama pampu inatoa ukungu mwembamba au inatema matone. Hata hivyo vyote hivyo vinaigwa siku hizi. Bei na muuzaji anayekubali kurudishiwa mzigo ni ushahidi mzuri zaidi.

Mafuta ya kupima, yale unayopimiwa dukani, nayo yasidharauliwe. Kwa asiyetaka alikoholi ni njia nzuri, na mchanganyiko wa waridi na sandali ukiwa mzuri unakaa kuliko marashi mengi ya kupuliza. Ila ujue unachonunua: mengi ni mwigo wa majina makubwa, si mafuta ya ua lenyewe. Ukichanganyiwa na alikoholi, uliza mililita ngapi za mafuta zinaingia. Chupa ya mililita 30 yenye mafuta 6 ni asilimia 20, na hiyo inatosha. Yenye 3 ni asilimia 10, ndiyo ile utakayoisahau saa nne. Usikubali kuchanganyiwa kwa spiriti ya kusafishia vidonda, kwa kuwa ina viongezo vinavyonuka na vinavyoweza kuwasha ngozi. Mchanganyiko mpya huwa mkali. Uache wiki mbili hadi nne gizani kabla ya kuutumia. Na mafuta ambayo hujui yametengenezwaje usiyapake shingoni ukatoka juani, kwa sababu baadhi ya mafuta ya jamii ya ndimu, bergamoti hasa, yakipigwa na jua huacha madoa meusi yanayochukua miezi kufutika.

Jambo la udi. Kama nguo zako unazifukiza kwenye chetezo usiku, basi joto kavu tayari unalo, na marashi yenye ambari na ubani juu yake yatakaba watu. Katika hali hiyo chukua yenye neroli au waridi jepesi, msingi mwembamba, udi uwe ndio sakafu. Haludi na marashi mazito kwa pamoja, ndani ya basi, mvua inanyesha na madirisha yamefungwa: tafadhali usifanye hivyo.

Kipimo cha kila siku kwa safari yako ni mipulizo miwili kipindi cha joto, mitatu kati ya Juni na Agosti. Jipulizie nyumbani dakika 20 kabla ya kutoka, ili ule ukali wa mwanzo uishie chumbani. Baada ya kuoga, kausha mwili, paka losheni isiyo na harufu au Vaseline kidogo pale utakapopulizia, kwa sababu ngozi yenye mafuta inaachia harufu taratibu. Mpulizo mmoja kifuani chini ya nguo, mmoja nyuma ya shingo, kwa umbali wa sentimita 15 hivi. Viganja na vifundo vya mikono viache. Unashika bomba la basi, unanawa, hakuna kinachobaki. Kwapani weka kiondoa jasho kisicho na harufu, usiweke marashi. Pamba inashika harufu vizuri, lakini nguo nyeupe na hariri hupata madoa.

Ukidhani imepotea mchana, muulize mwenzako kwanza kabla ya kuongeza. Pua huacha kutambua harufu iliyokaa nayo muda mrefu, na ndiyo maana kuna watu wanaojipulizia mara tano wakiamini hawanuki. Kama kweli imekwisha, mpulizo mmoja wa kichupa cha mkobani baada ya chakula cha mchana unatosha. Msalani au nje, si kwenye dawati.

Hifadhi inaharibu chupa nyingi Dar kuliko feki zinavyoharibu sifa. Meza ya kujipambia karibu na dirisha, au ndani ya gari lililoegeshwa juani, ni sehemu mbaya kuliko zote. Irudishe kwenye boksi lake, rafu ya chini ya kabati. Rangi ikiwa nyeusi zaidi kwa muda si lazima iwe imeharibika, maana vanila na indoli hubadilisha rangi zenyewe. Ikiharibika utaijua mwanzoni kabisa: ndimu inanuka kama vanishi ya mbao.

Ngozi ikiwasha, soma karafuu na waridi kwenye lebo kwa majina yake ya kemikali, yaani eugenoli, sitroneloli na jeranioli, uone kama ndivyo vinavyokusumbua kwenye bidhaa nyingine pia.

Na mkijaribu mkakuta wewe unapenda Bal d'Afrique na yeye Rose 31, msilazimishane kwa ajili ya neno chupa moja. Vichupa viwili vya mililita 10, kila mtu na chake, vinaingia ndani ya bajeti yenu na kila kimoja kina mipulizo 100.